Metali za migodini zikizama ziwani hazitulii: uzi kuhusu maji, mashapo na oksijeni

Maalim Tindikali (Chake Chake)

Assalaam alaykum wajumbe.

Katika mjadala uliopita kuhusu vijana wetu walioko kwenye machimbo ya dhahabu huko bara, mjumbe mmoja aliandika kwamba sumu ya mgodi ikishaingia ziwani huzama na mambo yakaisha, na wengi wakamuunga mkono. Kauli hiyo ina nusu ya ukweli, na ni ile nusu nyengine iliyonifanya nifungue uzi huu. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya metali huzama. Lakini mashapo, yaani tope linalotuama chini ya ziwa, ni ghala tu, na vilivyomo ghalani huweza kutoka tena baada ya miaka hamsini au mia, hata kama mgodi wenyewe umeshafungwa na wachimbaji wake wamekwishafariki. Kinachoamua kama vitatoka au havitatoka mara nyingi si wingi wa sumu, bali ni kuwepo au kukosekana kwa oksijeni pale chini.

Unguja na Pemba hatuna mgodi wa metali wala ziwa kubwa, hilo nalijua, na hakuna haja ya mtu kunikumbusha. Tuna ndugu Geita, Kahama na Musoma, na wako wanaotuuliza kama maji wanayoyateka ni salama kwa kuwa yanaonekana meupe.

Nianze na namna metali zinavyofika majini. Njia ya kwanza ni ya chembe: mwamba uliosagwa, ambao wachimbaji wadogo huuita marudio baada ya kutolewa dhahabu, na ambao migodi mikubwa huuhifadhi katika mabwawa ya topesumu, husombwa na mvua au hutoroka wote kwa pamoja bwawa linapopasuka. Njia ya pili ni ya kuyeyuka. Miamba mingi yenye dhahabu, shaba, risasi au zinki huwa na pairiti pia, yaani muungano wa chuma na salfa. Pairiti iliyoko chini ya ardhi, isiyofikiwa na hewa, hukaa mamilioni ya miaka bila ya kumdhuru yeyote. Ikishavunjwa na kurundikwa nje, oksijeni na maji ya mvua huigeuza kuwa tindikali ya salfa, na bakteria wanaopata nguvu zao kutokana na chuma huiharakisha kazi hiyo mara nyingi sana. Tindikali hiyo ndiyo inayoyeyusha zinki, kadimi, shaba na aseniki kutoka katika mwamba uliobakia.

Maji hayo yanapokutana na maji ya mto au ziwa yasiyo na tindikali, chuma kilichoyeyuka huganda na kuwa kutu laini ya rangi ya machungwa. Kutu hiyo ndiyo mhusika mkuu wa habari yote hii, kwa hiyo naomba tusiipite haraka. Kila chembe yake ni ndogo mno, na kwa udogo huo jumla ya nyuso zake ni kubwa mno, na juu ya nyuso hizo metali nyengine hunata. Hazinati kwa namna moja. Risasi na shaba hunata mapema, hata maji yakiwa bado na tindikali kidogo. Zinki na kadimi husubiri mpaka tindikali imalizike. Na aseniki, kwa kuwa majini hubeba chaji hasi, huenda kinyume na wenzake, hunata vizuri penye tindikali na huachia maji yanapokuwa na alkali nyingi. Kwa sababu hiyo metali huanza kutengana zikiwa njiani bado: risasi huelekea kuzama karibu na mdomo wa mto, ilhali zinki na kadimi husafiri mbali zaidi ndani ya ziwa. Vijimea vidogo vya majini visivyoonekana kwa macho navyo hunyonya zinki na shaba kwa ajili ya maisha yao, vikafa, vikazama navyo.

Baada ya hapo maji ya juu husafika kweli. Mtu akiteka ndoo ukingoni ataona maji meupe, na akiyapima huenda akapata viwango vya kuridhisha.

Maalim Tindikali (Chake Chake)

Naendelea, kwani sehemu ya juu ilikuwa utangulizi tu.

Kila kinachokufa ziwani hudondoka chini na kuliwa na bakteria, na bakteria hao hutumia oksijeni. Ziwa likiwa na tabaka la maji ya joto juu na la maji ya baridi chini, matabaka hayo hayachanganyiki, na oksijeni ya chini ikiisha hakuna ya kuijaza. Hapo bakteria hawafi wote. Wapo wanaoweza kupumua kwa naitreti. Naitreti ikiisha wapo wanaotumia manganisi. Kisha wapo wanaotumia ile kutu ya chuma. Na kisha wapo wanaotumia salfeti. Utaratibu huu hufuatana karibu kila mahali duniani, katika matope ya ziwa, ya kinamasi na ya bahari.

Sasa tazameni kinachotokea kutu inapotumika. Chuma huyeyuka na kurudi majini, na kila kilichokuwa kimenata juu yake hukosa pa kushika. Aseniki hutoka, fosforasi hutoka, na kiasi cha zinki na risasi hutoka pia. Vyote hupanda polepole kupitia maji yaliyomo baina ya chembe za tope, mpaka vifike mahali penye oksijeni. Hapo chuma huganda upya, huvinasa upya na kuzama navyo upya. Katika maziwa mengine mzunguko huu wote hufanyika ndani ya sentimita chache tu, na mtafiti akizamisha bomba kwenye mashapo, akalitoa limejaa tope na kulikata tope hilo, hukuta utando mwembamba wa chuma na manganisi umekaa juu kabisa. Utando huo ukibaki, metali haziwezi kupita kwa wingi. Oksijeni ikiondoka juu yake kwa wiki kadhaa, utando huyeyuka na vilivyonaswa ndani yake hutoka.

Hatua inayofuata ni ya salfeti, ambayo migodini huwa tele kwa sababu ya ile tindikali. Bakteria huigeuza kuwa salfidi, ile inayonuka mayai viza. Salfidi hukamata zinki, kadimi, risasi, shaba na zebaki na kuunda madini yasiyoyeyuka kwa urahisi, yanayokaribiana kabisa na yale yaliyochimbwa mwambani hapo mwanzo. Anayetaka kuiona hatua hii kwa macho yake asiende mbali; aende Bwejuu au Jambiani maji yakiwa yametoka, awatazame akina mama wanaofukua makumbi, yaani maganda ya nazi yaliyozikwa topeni ili yalainike yasokotwe kamba.

Binti wa Bwejuu

Maalim, shikamoo. Umetaja kwetu, basi niruhusu niongeze ulichokiacha, kwa kuwa mama yangu ameifanya kazi ya makumbi tangu sijazaliwa.

Mchanga wa juu ya shimo ni mweupe. Ukichimba kwa mkono, kiasi cha vidole viwili au vitatu, rangi hubadilika ghafla ikawa kijivu na kisha nyeusi, na hapo ndipo vundo linapotoka. Mama huvua pete yake ya fedha kabla ya kuingia kazini, kwani akiisahau hutoka nayo ikiwa nyeusi. Na fungu la tope jeusi likitupwa juu ya mawe likapigwa na jua, muda si mrefu upande wake wa nje huwa wa kijivu, kisha hudhurungi. Ukilivunja, ndani bado ni jeusi na bado linanuka.

Swali langu ni hili. Ikiwa tope jeusi lisilo na hewa ndilo linalozifunga metali, kwa nini wataalamu wanasikitika ziwa linapokosa oksijeni? Si ingekuwa afadhali likose kabisa?

Maalim Tindikali (Chake Chake)

Marahaba mwanangu, na ahsante kwa maelezo ambayo yanazidi kitabu. Weusi wa tope ni salfidi ya chuma, na weusi wa pete ni salfidi ya fedha: ni jambo lile lile la metali kukamatwa na salfidi. Na fungu la juu ya mawe linaonesha upande wa pili, kwamba hewa ikirudi kifungo hufunguka, weusi huondoka na kutu hurudi. Katika mashapo ya mgodi, wakati huo zinki na kadimi zilizokuwa zimefungwa huachiwa majini.

Swali lako lina majibu mawili, na yote mawili yanasumbua.

La kwanza ni kwamba metali hazikubaliani. Zinki na kadimi hufurahia kifungo cha salfidi, lakini aseniki huwa huru zaidi pale kutu inapoyeyuka, na salfidi huinasa kwa sehemu tu. Mji wa Yellowknife, kaskazini ya Kanada, una maziwa madogo mengi yaliyopokea vumbi la aseniki kutoka katika mgodi wa dhahabu wa Giant, uliofanya kazi kuanzia mwaka 1948 hadi 2004. Moshi mwingi zaidi ulitoka miaka ya mwanzo, kabla ya mitambo ya kuchuja. Mtu angetarajia kwamba ndani ya mashapo aseniki ya miaka ya 1950 iwe imelala chini, ikafunikwa na tope safi la miaka iliyofuata. Katika baadhi ya maziwa hayo wamekuta aseniki imepanda kutoka tabaka la zamani na kukusanyika karibu na juu, kwa njia ile ile ya kuyeyuka na kuganda niliyoieleza. Wakati wa baridi barafu hulifunika ziwa lote, oksijeni hupungua chini yake, na aseniki hutoka kwenye mashapo na kuingia majini. Ardhini hapo zimehifadhiwa tani 237,000 za vumbi la aseniki, ambazo serikali inazigandisha ili zisitoroke, lakini hiyo iliyoko maziwani haigandishwi na mtu.

La pili ni kwamba baina ya hatua ya kutu kuyeyuka na hatua ya salfidi kujaa kuna kipindi ambacho metali hazina mshikaji. Ziwa linaloingia na kutoka katika ukosefu wa oksijeni kila mwaka hupita katika kipindi hicho mara kwa mara. Kwa hiyo ziwa lenye hewa siku zote ni bora kwa baadhi ya metali, lisilo na hewa kabisa ni bora kwa nyengine, na linaloyumba baina ya hali hizo mbili ndilo baya kuliko yote.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Ziwa Coeur d'Alene, jimbo la Idaho, Marekani. Uchimbaji wa fedha, risasi na zinki ulianza katika bonde lake miaka ya 1880, na kwa miongo mingi mabaki ya uchenjuaji, yaani kazi ya kutenganisha metali na mwamba, yalimwagwa moja kwa moja mtoni mpaka mwaka 1968. Chini ya ziwa hilo leo kuna takriban tani milioni 75 za mashapo yenye risasi, zinki, kadimi na aseniki. Juu ya maji watu wanaogelea na kuendesha mashua, na wageni hulisifu kwa uzuri wake. Jambo la ajabu ni kwamba zinki iliyomo majini imekuwa ikiwazuia vijimea vidogo wasiongezeke, kwani kwao ni sumu. Serikali ikisafisha mito ya juu, zinki inayoingia hupungua, na ni heri. Lakini vijimea navyo hupata nafasi, hasa pale mashamba na makaazi ya kandokando yanapoongeza ziwani fosforasi, ambayo kwao ni mbolea. Vikiongezeka vitakufa na kuzama kwa wingi, vitamaliza oksijeni ya chini, kutu itayeyuka, na fosforasi na metali za ghalani zitaanza kutoka. Ndiyo maana wanaolisimamia ziwa lile wanaihofia fosforasi karibu sawa na wanavyoihofia risasi, jambo ambalo mtu wa nje huliona halina mantiki.

Mkojani

Maalim, nimekusoma mpaka mwisho ingawa kemia niliiacha skuli. Sisi wavuvi tunajua kwamba kusi likisimama maji hupoa na hutibuka, na wakati wa maleleji bahari hulala ukaona chini. Je, upepo wa ziwani nao hufika huko chini unakokusema, au ni wa juu tu?

Maalim Tindikali (Chake Chake)

Sheikh wangu, umeingia mlangoni penyewe. Hufika, na inategemea kina.

Ziwa Victoria ni pana mno lakini si refu kwenda chini: wastani wake ni mita 40 na penye kina kikubwa hapazidi sana mita 80. Kuanzia karibu na Septemba mpaka miezi ya mwanzo ya mwaka unaofuata maji yake hujigawa matabaka na sehemu kubwa ya maji ya chini hupungukiwa na oksijeni. Likija kusi la Juni hadi Agosti, ambalo ni ndugu wa kusi lako la Kojani, maji ya juu hupoa, huwa mazito, na ziwa lote huchanganyika mpaka chini. Yaani kila mwaka mashapo ya sehemu hizo hupita katika hali zote mbili.

Ziwa Tanganyika ni kinyume chake. Kina chake hufika mita 1,470, na ukishapita mita mia moja au mia mbili hivi hakuna oksijeni kabisa, mwaka mzima, enzi na enzi. Metali inayozama katika kilindi kile ina nafasi kubwa ya kubaki chini ikiwa salfidi. Hata hivyo, kusi linapovuma Mei hadi Septemba huyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na upande wa kusini maji ya chini hupanda kujaza nafasi. Kwa hiyo hata huko siwezi kusema kwamba kilindi kimefungwa moja kwa moja.

Na kuna mtibuko wa chembe zenyewe, ambao hauhitaji kemia. Tarehe 4 Agosti 2014 lilipasuka bwawa la topesumu la mgodi wa shaba na dhahabu wa Mount Polley, British Columbia, Kanada, na takriban mita za ujazo milioni 25 za tope na maji zikatoka, sehemu kubwa ikaishia katika Ziwa Quesnel, lenye kina cha zaidi ya mita 500. Tope lilizama, maji yakaanza kusafika, watu wakapumua. Ziwa hilo huchanganyika msimu wa kupukutika majani na tena msimu wa machipuo, na katika misimu hiyo ya miaka iliyofuata watafiti waliyaona maji ya chini yakipata tena ukungu wa chembe laini zilizonyanyuliwa kutoka katika lile tabaka jipya. Chembe za namna hiyo hazina uzito wa kutosha kutulia. Zinahitaji mkondo mdogo tu kuondoka.

Mtaka Hoja

Kwa heshima zote, Maalim, naona unawatisha watu. Mito huleta udongo safi kila mwaka. Mgodi ukifungwa, tabaka safi litalifunika tabaka chafu, na baada ya muda hakuna samaki wala mdudu atakayelifikia. Asili hujitibu yenyewe. Kinachohitajika ni subira, si hofu.

Maalim Tindikali (Chake Chake)

Hoja yako ni ya haki na katika maziwa mengi ndivyo inavyokwenda, tena inapimika. Mashapo yana risasi-210, ambayo ni ya mionzi na hupungua nusu yake kila baada ya miaka 22 na kitu. Na yana sizimu-137 kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia, ambayo kilele chake kilikuwa mwaka 1963. Kwa hizo mbili mtaalamu anaweza kukata bomba la tope na kusema tabaka hili ni la mwaka fulani, kisha akaona metali zikipanda mgodi ulipofunguliwa na kushuka ulipofungwa. Penye mashapo yanayojaa haraka, na metali ikiwa ni risasi, ambayo haipendi kusafiri ikishanata, kufunikwa ni tiba ya kweli.

Ninalolipinga ni neno "safi". Katika bonde la Coeur d'Alene kingo za mto na tambarare zake zimejaa mabaki ya miaka mia, na kila mafuriko makubwa huyachota na kuyapeleka ziwani. Mgodi umesimama kumwaga tangu 1968, lakini mto haujasimama. Katika vinamasi vya pembezoni mwa mto huo ndege wakubwa weupe wa jamii ya bata, ambao hupita hapo wakati wa machipuo katika safari yao ya kwenda kaskazini, huzamisha shingo kutafuta mizizi, humeza tope pamoja na chakula, na hufa kwa risasi. Sumu iliyomwagwa kabla ya babu zao kuanguliwa inawaua wao.

Aidha, tabaka la juu halikai peke yake. Minyoo na mabuu ya wadudu huchimba vijishimo katika sentimita za juu za mashapo, hupitisha hewa ndani na hutoa tope la chini kulileta juu. Mapovu ya methani yanayopanda kutoka chini hufanya vivyo hivyo. Na aseniki ya Yellowknife nimekwisha kuieleza: haikusubiri kufunikwa.

Mpemba wa Geita

Maalim, assalaam alaykum. Mimi ni mtu wa Wete, niko huku mwaka wa nne, nina duka la vifaa karibu na mialo ya wachenjuaji, pale mawe ya dhahabu yanaposagwa na kuoshwa. Hujasema lolote kuhusu zebaki, na huku ndiyo inayotugusa kuliko risasi na zinki. Naona wanavyofanya: unga uliotoka kwenye karasha, ile mashine ya kusagia mawe, huoshwa, huchanganywa na zebaki kwa mikono mitupu, hukamuliwa kwenye kitambaa, kisha lile donge huchomwa wazi mpaka ibaki dhahabu. Maji ya kuoshea huteremka mpaka korongoni, na korongo linakwenda ziwani. Watoto wangu wanakula samaki kila siku. Niwaache?

Maalim Tindikali (Chake Chake)

Waalaykum salaam ndugu yangu. Niliichelewesha kwa makusudi kwa sababu zebaki ina tabia ambayo wengine hawana.

Zebaki uliyoielezea hupotea kwa njia mbili: sehemu hupanda hewani kama mvuke wakati wa kuchoma, na sehemu hubaki kwenye marudio. Kwa hesabu za Umoja wa Mataifa za mwaka 2018, uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio unaotoa zebaki nyingi zaidi hewani kuliko shughuli nyengine yoyote ya binadamu, zaidi ya theluthi moja ya yote. Anayeuvuta mvuke huo pale pale anadhurika kabla ya ziwa kuhusika, kwa hiyo hofu yako ya kwanza iwe kwa jirani anayechoma uani kwake na kwa watoto wanaocheza hapo.

Ile inayofika kwenye tope hukutana na bakteria wale wale wa salfeti na wa kutu, na baadhi yao wana uwezo wa kuigeuza kuwa zebaki ya methili, ambayo ni sumu kali zaidi na huingia kwa urahisi katika miili ya viumbe. Jeni mbili zinazowapa uwezo huo zilitambuliwa mwaka 2013. Kazi hii hushamiri pale oksijeni inapoishia, mpakani, palipo na mabaki ya mimea na salfeti ya wastani: kwenye vinamasi, kwenye majaruba, kwenye tope la pwani ya ziwa. Salfidi ikizidi sana huikamata zebaki na kuipunguza kazi hiyo. Zebaki ya methili hunyonywa na vijimea, huliwa na vidudu, vidudu huliwa na dagaa, dagaa huliwa na sangara, na kila ngazi hujilimbikizia zaidi ya iliyo chini yake, mpaka samaki mla samaki anakuwa nayo mara milioni moja au zaidi kuliko maji anayoogelea. Maji huweza kupimwa yakaonekana mazuri, na samaki wa maji hayo hayo asiwe mzuri. Wala kuchemsha, kukaanga au kukausha hakuiondoi.

Kuhusu watoto wako, nakusihi usiwanyime samaki kwa hofu. Vipimo vilivyochapishwa kuhusu samaki wa Ziwa Victoria kwa jumla vimekuwa chini ya miligramu 0.5 kwa kilo, ambacho ni kikomo kinachotumika sana, na waliokaribia au kukipita walikuwa sangara wakubwa. Dagaa na sato wako chini zaidi. Sababu mojawapo inayotolewa ni ule udongo mwekundu wa huko Geita, wenye chuma kingi, ambao huishika zebaki karibu na pale ilipomwagwa. Kwa hiyo tope la korongo lako huenda ni chafu kuliko tope la ziwa. Hiyo ni nafuu kwa samaki wa leo, lakini korongo likisombwa na mvua za masika ghala hilo linahama. Wape watoto na mama mjamzito dagaa na sato, na sangara mkubwa awe wa nadra.

Binti wa Bwejuu

Kwa nini basi tope hilo lisichimbwe likaondolewa?

Maalim Tindikali (Chake Chake)

Wakati mwengine huchimbwa. Ghuba ya Minamata, Japani, ambako ugonjwa wa zebaki ulitambuliwa mwaka 1956 na ambako sumu ilitoka kiwandani wala si mgodini, ilichimbwa na sehemu yake kufukiwa kati ya mwaka 1977 na 1990. Muda wake unauona mwenyewe. Na kuchimba ni kulitoa tope jeusi juani: kazi ikifanywa ovyo, kilichokuwa kimefungwa kinaachiwa. Wengine huweka mchanga safi juu, wengine hutia chokaa kuua tindikali, wengine hupuliza oksijeni chini, na kila dawa lazima iulizwe inamfungulia nani. Chokaa ikizidi huinufaisha zinki kunata na huisaidia aseniki kuachia.

Niliyoipenda ni ya mgodi wa Island Copper, kisiwa cha Vancouver, Kanada. Ulipofungwa, katikati ya miaka ya 1990, shimo lake lilijazwa maji ya bahari kisha likatandikwa juu maji yasiyo na chumvi, ili yale ya chumvi, ambayo ni mazito, yabaki chini bila ya kuchanganyika. Tabaka la juu hutiwa mbolea kwa makusudi. Vijimea hustawi, hunyonya zinki na shaba, hufa na kuzama nazo kwenye kilindi kisicho na oksijeni, ambako salfidi inazisubiri. Yaani kile kinachohofiwa Coeur d'Alene ndicho kinachotumika kama dawa hapa, kwa kuwa shimo hili lina kilindi kisichopinduka na ziwa lile lina chini inayoyumba.

Mpemba wa Geita

Maalim, nimekuelewa. Kuna watu wa vipimo wanakuja mwezi ujao kwa ajili ya kijiji, na mara iliyopita walichota chupa mbili ukingoni wakaondoka. Niwaombe nini?

Maalim Tindikali (Chake Chake)

Waombe wachote juu na chini, mahali pale pale, na wapime oksijeni na tindikali hapo hapo kwenye mashua, si maabara. Maji ya kila chupa yagawiwe mawili, moja yachujwe papo hapo na moja yasichujwe, kwani tofauti yake ndiyo inayoonesha kipi kimeyeyuka na kipi kimebebwa na chembe. Tope likatwe kwa bomba, sentimita za juu zitengwe na za chini, na vifuko vifungwe bila ya hewa. Likifika maabara limegeuka hudhurungi, majibu yake ni ya tope jengine. Wachukue pia tope la korongo na la kinamasi kilicho mdomoni mwake. Samaki wapimwe kwa aina na ukubwa, wala wasichanganywe pamoja.

Wakija mwezi ujao watakuta maji bado yamejigawa matabaka. Waambie warudi wakati wa kusi, vyenginevyo watakuwa wamepima nusu ya mwaka.

Visima navyo visisahauliwe. Katika ukanda wa dhahabu wa huko, aseniki imepatikana kwenye visima na chemchemi kwa sababu miamba yenyewe inayo, mgodi uwepo usiwepo. Mipaka ya Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 0.01 kwa lita kwa aseniki na vivyo hivyo kwa risasi, 0.003 kwa kadimi na 0.006 kwa zebaki. Majibu yakitoka yaandike hapa, pamoja na tarehe na kina cha kila chupa. Bila ya hivyo viwili sitaweza kuyasoma.